Sharti la Tano Sikulimaliza

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Daftari jipya. Nimepewa na mpwa wangu Zuena, anayesoma shule ya wasichana. Kasema, Mjomba, hadithi zako zinapotea bure hewani, ziandike. Kweli kabisa. Mie ni Shomari bin Nassibu, mkazi wa Temeke, msimamizi wa magunia katika kiwanda cha mafuta ya nazi hapa Chang'ombe. Nimesoma chuo cha Kurani, kisha darasa tatu za serikali. Lakini hizo zilikuwa darasa za zamani. Moja sawa na nne za siku hizi.

Leo kumebandikwa tangazo langoni. Kuna kitu kinaitwa Akiba ya Wafanyakazi. Kila mwezi kampuni itakata senti tano katika kila shilingi ya mshahara. Kampuni nayo itaweka senti tano. Mtu akifika miaka hamsini na mitano anapewa zote. Akifa kabla, wanapewa watu wake.

Watu wamekusanyika kama kuku walioona mwewe. Kisha wote wakaniangalia mie. Nikakohoa. Nikawaambia hesabu hii ndogo.

Nimekadiria papo hapo. Mshahara wangu shilingi themanini, posho kumi na sita, jumla tisini na sita. Senti tano zangu, senti tano za kampuni, jumla kumi. Maana kampuni itazitoa wapi zake? Mfukoni mwangu! Tangu lini mwenye kiwanda akampa mtu kitu? Senti kumi mara tisini na sita. Shilingi tisa na senti sitini! Kila mwezi! Nimeketi juu ya gunia.

Mwinjuma, seremala wa masanduku, kasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba ni senti tano tu, tena za mshahara mtupu, posho haiguswi. Eti karani ndivyo alivyomsomea. Mwinjuma hajui kusoma. Nimemwambia asiyejua kusoma husikia anachopenda. Watu wamecheka. Kaondoka na randa yake kwapani. Mie na huyu bwana tuliingia jando pamoja, na tangu siku hiyo hatujapatana hata bei ya tango.

Jumatano, 3 Novemba

Siku mbili hizi nimewakadiria makato watu kumi na saba. Bure. Isipokuwa sigara moja kila mtu. Wote wameondoka vichwa chini. Ndiyo kazi ya elimu.

Tabu, mke wangu, kauliza tukikatwa shilingi tisa tutakula nini, magunia? Swali zuri. Zuena akachukua penseli, akasema, Mjomba, mbona ni shilingi nne tu? Nimemwambia shuleni wanafundishwa hesabu ya karatasi, siyo ya kiwandani.

Lakini neno lile la miaka hamsini na mitano limenikaa kichwani. Hatuna mtoto sie. Tulizaa wawili, Mungu akawataka. Tuna Zuena, na Zuena ataolewa. Sijawahi kufikiri mtu anafika huko. Nilidhani mtu hufanya kazi, halafu siku moja hayupo. Kumbe katikati kuna kipande cha njia, na kampuni imekiona kabla yangu.

Basi saa ya chakula nimerudi kulisoma tangazo peke yangu. Nimegundua! Sharti la nne: wafanyakazi waliokwisha kufika miaka hamsini na mitano hawatakatwa. Hawatakatwa! Sharti la tano nimeliona, refu, herufi ndogo, linaingia mpaka karatasi ya pili. Sikulimaliza. Mtu mwenye akili hasomi mpaka mwisho. Huelewa katikati.

Nani anajua nilizaliwa lini? Mama. Na mama yuko makaburini Mtoni.

Ijumaa, 5 Novemba

Leo ilikuwa zamu yetu dirishani kwa karani. Karani ni Leonardi, mtu wa Masasi, mpole, miaka kama arobaini. Kaniuliza mwaka wa kuzaliwa. Nikasema 1893. Kainua macho. Kaniuliza kama nina cheti.

Nimemwambia cheti changu ni vita vya Mjerumani. Nilikuwa sajini. Nilisimama ufukweni manowari ya Waingereza ilipopiga mizinga mjini hapa, nikailenga kwa bunduki moja tu, ikageuka ikarudi ilikotoka. Mtu huyo alizaliwa lini? Leonardi kawauliza waliokuwa kwenye mstari. Wote wamesema kweli, hadithi hiyo wanaijua, wameisikia miaka minane, ingawa mwaka jana manowari zilikuwa mbili.

Mwinjuma alikuwa nyuma yangu. Kafungua mdomo. Kaufunga. Kisha kasema tu, "Haya, babu."

Leonardi kaandika: miaka sitini na moja. Nimetoka pale nimezeeka kwa raha.

Jumanne, 9 Novemba

Uzee mtamu! Sikujua. Tangu Jumamosi kiwanda kizima kinaniamkia. Shikamoo mzee, shikamoo mzee, mpaka marahaba imenichosha taya. Leo Maulidi ya mtaani, baada ya alasiri. Nimekaribishwa mkeka wa mbele pamoja na wazee wenye ndevu. Sinia letu lilikuwa na kidari. Mwinjuma alikaa nyuma na vijana, sinia la mifupa. Alipopita nimemtazama mpaka akasema shikamoo. Aliisema kama mtu anayetema kokwa. Nami nikamjibu taratibu, marahaba mwanangu.

Ila limetokea jambo. Kando yangu alikaa Mzee Fakihi, mlinzi wetu wa lango, mtu wa kusini, nyuma ya Lindi huko. Si msemaji. Miaka yote nikisimulia vita vyangu pale langoni yeye hukaa kigodani kwake kimya. Leo kaniuliza kwa upole, ndugu yangu, mlipokuwa vitani mlikula nini?

Nikasema wali na nyama. Kila siku.

Katikisa kichwa. Kasema wao walichemsha ngozi. Alikuwa mbeba mizigo. Kasema kaka yake alianguka njiani asiinuke tena, na mzungu wa msafara akaamuru mzigo wa kaka usibaki, basi aliibeba yote miwili, siku tatu. Kisha akanimegea ubwabwa. Kasema amefurahi kumbe tuko wawili.

Nimekula polepole. Kidari nimemsogezea yeye.

Jumanne, 30 Novemba

Ushindi! Siku ya mshahara. Bahasha yangu shilingi tisini na sita kamili. Hakuna hata senti iliyoguswa. Nimeihesabia juani ili wote waone.

Wenzangu wamekatwa. Lakini si senti kumi. Tano, tena za mshahara tu. Mwinjuma, mwenye shilingi sabini, kakatwa tatu na nusu. Watu kumi na saba wamekuja kudai sigara zao. Nimewaeleza kwamba Mzungu huanza taratibu, wasubiri mwakani. Wamenizomea. Kwa heshima lakini. "Shikamoo mzee, lete sigara."

Nimenunua bakora ya mpingo kwa Mmakonde mmoja wa Kariakoo. Na doti moja ya kanga kwa Tabu. Tabu kaipokea, kaitazama bakora, kauliza nani anaumwa mguu. Nimemwambia bakora ni ya cheo. Kasema cheo hakisaidii kupanda ngazi.

Alhamisi, 2 Desemba

Nimekufa.

Leonardi kaniita dirishani pamoja na Mzee Fakihi. Katusomea barua. Kwa mujibu wa sharti la tano, wafanyakazi waliotajwa katika sharti la nne watapumzishwa kazi tarehe 31 Desemba. Kila mmoja atapewa blanketi moja, mshahara wa mwezi mmoja, na mkono wa meneja. Akiba hawana, kwa kuwa hawakukatwa.

Nimemwambia asome tena. Kasoma. Nimemwambia asome kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza pia nimefukuzwa.

Blanketi! Temeke! Mwezi wa Januari!

Mzee Fakihi kapokea barua yake kwa mikono miwili. Kasema alhamdulillahi, alikuwa akiogopa atatoka peke yake. Kaniuliza kama tutatoka lango moja, ili tusindikizane. Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Sijamwambia Tabu. Kodi ya nyumba shilingi kumi na tano kila mwezi. Nilikaa uani nikakadiria mwenyewe makato ya mtu asiye na kazi. Nimekadiria mara tatu. Hesabu hii kwa mara ya kwanza haikukosea. Kila nilipotoka nilifika palepale: sifuri.

Jumamosi, 4 Desemba

Mpango: kuwa kijana kabla ya Krismasi.

Alfajiri nimepaka piko kichwani, kufunika mvi. Limeingia masikioni pia. Tabu kauliza kama ninaoa. Ikabidi nimwambie yote. Nilitegemea kilio. Kaketi. Kasema polepole kwamba ameishi nami miaka ishirini na minne, na hajawahi kuamini habari ya sajini hata siku moja, maana ni askari gani anayeogopa bata? Kisha kasema, "Shomari, uongo wako nimeuvumilia ulipokuwa haulali kitandani mwetu. Sasa umekuja na blanketi lake."

Kiwandani nimesubiri meneja atoke. Alipotoka nimenyanyua gunia la mbata, zile nazi kavu, nikakimbia nalo mbele yake kama mtoto. Hatua tisa. Ya kumi kiuno kilisema hapana. Gunia lilikaa juu yangu. Meneja kapiga kelele. Kamuuliza Leonardi kwa nini mzee wa watu anabebeshwa mizigo, je, hawana huruma? Kaamuru niletewe kiti. Nimeletewa. Chenye mto.

Leonardi kaja pale kitini. Nilimweleza ukweli, yaani sehemu. Kasema karatasi inaweza kubadilishwa, ila lazima aje mtu aliyenijua utotoni, athibitishe kwa kinywa chake. Mwisho Jumatatu. Jumanne karatasi zinakwenda ofisi kuu.

Mtu aliyenijua utotoni. Yuko mmoja tu. Ana randa kwapani.

Jumapili, 5 Desemba

Nimekwenda kwa Mwinjuma, Keko. Nimemkuta uani anapiga randa mlango. Hakuacha. Kaniuliza babu anataka nini.

Hapa nitaandika ukweli, kwa kuwa daftari ni langu na Zuena nimemkataza kulifungua. Mwaka wa 1916 mizinga ya manowari ilipolia, mie sikuwa ufukweni. Nilikuwa porini nyuma ya Mtoni, jandoni. Miaka kumi. Bado jeraha bichi. Mlio wa kwanza wenzangu walilala chini. Mie nilikimbia. Nilikimbia bila kutazama, nikamkuta mtu kasimama, nikamkumbatia miguuni, nikamwita mama. Alikuwa ngariba. Kisu bado kiko kiunoni mwake. Walitubembeleza wote wawili, mie na yeye.

Aliyeniachanisha naye ni Mwinjuma. Akinizidi miaka miwili. Na siri ya jando haivuki mlango, ndiyo maana miaka thelathini na minane amenisikiliza nikiifukuza ile manowari, asiseme neno.

Leo kasema. Kasema haoni kosa mtoto kuogopa, hata yeye alijikojolea. Kinachomuuma ni shikamoo. "Mie nilikatwa wa kwanza, wewe wa tisa. Nimekuwekea siri mpaka mvi. Halafu siku ya Maulidi unanikodolea macho mpaka nikuamkie? Mbele ya watoto? Marahaba mwanangu? Mwanao nani?"

Nimemwomba aje dirishani anishuhudie. Kuomba ni jambo geni kwangu.

Bei yake: atakuja dirishani. Lakini mwaka mzima, kila asubuhi, pale langoni, mie nitamwamkia yeye. Kwa sauti. Na bakora aichukue.

Nimesema sauti ya kawaida. Kasema kwa sauti. Nimesema miezi sita. Kaanza kupiga randa. Nimesema haya.

Jumatatu, 6 Desemba

Saa moja kasorobo langoni. Kiwanda kizima kimejaa, sijui nani aliwaambia. Mwinjuma kasimama na bakora yangu, kavaa kanzu ya Ijumaa. Nimevua kofia. Nimesema shikamoo kaka. Kaweka mkono sikioni. Nimesema tena. Kasema marahaba, Shomari, hujambo mdogo wangu. Watu wamepiga vigelegele kama harusini. Na hapo hakuna hata mwanamke mmoja!

Dirishani Mwinjuma kasema aliingia jando na mie, mwaka wa mizinga, na mie nilikuwa mdogo kuliko wote kumbini, mtoto wa miaka kumi. Leonardi kauliza kama kuna karatasi. Mwinjuma kasema jando halina karatasi. Nilidhani mambo yameharibika. Lakini kwao Masasi hata watoto wa kanisa huingia jando, padri akiwaombea. Leonardi katuingiza ndani, kafunga mlango, kamuuliza Mwinjuma jambo moja kwa sauti ya chini, jambo ambalo aliyepita ndiye anayelijua. Mwinjuma kamjibu. Mambo hayo siyaandiki. Leonardi katikisa kichwa, kasema huo ni ushahidi kuliko cheti, kafuta 1893, kaandika 1906.

Miaka arobaini na minane! Kazi ninayo. Makato ninayo. Nitakatwa ya mwezi uliopita pamoja na ya huu. Nimeomba nikatwe hata sasa hivi. Leonardi kasema subiri mwisho wa mwezi kama watu wengine.

Wakati wa kutoka nimepitia upande wa ghala, nisipite langoni. Mzee Fakihi alikuwa kigodani kwake. Alikuwa amesikia yote.

Ijumaa, 31 Desemba

Siku ya mshahara. Zimekatwa shilingi nane, nne za Novemba na nne za Desemba. Nimepewa kijitabu chenye jina langu. Ndani yake kumeandikwa shilingi kumi na sita. Nimemuuliza Leonardi mara mbili. Kasema nane zangu, nane za kampuni. Kumbe wanaweka kweli! Zuena kapiga hesabu: mpaka nifike hamsini na mitano, mwaka wa 1961, zitakuwa kama shilingi mia saba hivi. 1961! Sijui dunia itakuwaje mwaka huo, na nani atakuwa bwana mkubwa wa nani. Lakini mahali fulani katika mwaka huo kuna shilingi zinanisubiri na jina langu. Tabu kakifunga kijitabu ndani ya kanga mpya, kakiweka sandukuni chini ya sanda zetu.

Mzee Fakihi katoka leo. Meneja kampa mkono. Kapewa blanketi la kijivu. Kampuni haikumkata hata senti, kwa hiyo haina la kumrudishia. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe, na haina kosa lolote, nimeitazama kila upande.

Nilikwenda langoni kabla hajaondoka. Niliahidi tutatoka pamoja, basi nimetoka naye. Nimebeba kigoda chake, sanduku lake na blanketi, mpaka kituo cha magari ya kusini. Kasema acha hata sanduku nibebe. Nikasema hapana. Njia nzima sikumsimulia hadithi hata moja. Tulipofika nimemwambia, mzee, mie sikupigana vita vyovyote.

Kacheka kidogo. Kasema alijua tangu siku ya wali na nyama. Lakini alikuwa akipenda ile manowari inavyogeuka ikarudi. Kasema huko njiani na mizigo wao walitamani sana mtu mmoja airudishe.

Nimempa shikamoo. Shikamoo ya bure, bila bei. Gari likaondoka.

Nimejifunza jambo kubwa leo. Nitaliandika kesho nikitulia.

Jumatatu, 3 Januari 1955

Sikupata nafasi ya kuliandika lile jambo. Kuna tangazo jipya langoni!

Kampuni inanunua malori matatu. Itafundisha udereva watu watatu. Mshahara shilingi mia na hamsini! Nimekadiria makato papo hapo: saba na nusu zangu, saba na nusu za kampuni, jumla shilingi kumi na tano kila mwezi kijitabuni. Mpaka 1961 naweza kununua lori lenyewe, na meneja nimwendeshe mie. Watu kumi na saba hawakutaka nikadirie zao. Wivu.

Sharti la kwanza: ajue kusoma. Ninajua. Sharti la pili: awe na macho mazuri. Ninayo. Sharti la tatu: asizidi miaka thelathini na mitano. Sharti la nne lilikuwa refu kidogo.

Nimefikiri sana, kwa utulivu, kama mtu mzima. Mwezi uliopita nimetoka sitini na moja nikafika arobaini na minane kwa siku nne. Miaka kumi na mitatu. Kutoka hapo hadi thelathini na minne ni mingapi? Kumi na minne. Nimezidisha mmoja tu. Piko limebaki nusu kikombe. Kiuno kimepona.

Asubuhi langoni Benedikto, mpakiaji mgeni wa magunia, kaniomba nimsimulie ile ya manowari. Nimemwambia, ndugu yangu, vita vya Mjerumani mie nasikia tu kwa wakubwa. Muulize Mwinjuma, yule mzee mwenye bakora. Mwinjuma kanitazama. Kafungua mdomo. Kaufunga. Nimemwamkia kabla hajaweka mkono sikioni.

Kisha nimekwenda dirishani. Leonardi alikuwa akichonga penseli. Nimevua kofia, nimeinamisha kichwa kidogo, kama inavyompasa kijana.

Nimesema, "Shikamoo, kaka Leonardi."

Kaniangalia mie, kisha lile piko masikioni. Halafu kafunga dirisha.

Hufunguliwa tena saa nane.